Hata Mabingwa wa Pikipiki Hupumzika

Kila mwaka, katika miezi hii ya baridi na vumbi hapa Lualaba, mashindano ya dunia ya pikipiki yaitwayo MotoGP husimama kwa majuma machache. Mwaka 2025, kwa mfano, yalipangwa mashindano 22. Baada ya yale ya Brno, katika nchi ya Cheki, tarehe 20 Julai, mabingwa hawakukutana tena mpaka katikati ya Agosti, huko Austria.

Basi wakati huo wa kimya ndipo maneno huwa mengi. Pikipiki zikinguruma, kila mtu hutazama. Zikinyamaza, kila mtu huwa mwalimu. Pita Kasulo, mtaa wetu wa Kolwezi, pale njia panda ambapo vijana wa pikipiki hungoja abiria, nawe utasikia. Mmoja asema hakuna wala hatakuwapo mwingine kama Valentino Rossi wa Italia, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara tisa, na katika hizo mara saba katika daraja la juu kabisa. Mwenzake amjibu kwamba Marc Márquez wa Hispania amekwisha kumfikia: naye ana tisa, naye ana saba za daraja la juu, tangu ushindi wake wa mwaka 2025. Wa tatu awanyamazisha wote wawili kwa kumtaja Mwafrika, Brad Binder wa Afrika Kusini, aliyeshinda huko Brno mwaka 2020, na ambaye mwaka 2023, huko Mugello, alipimwa akienda kilometa 366 kwa saa. Mwendo huo ni kama kuvuka kiwanja cha mpira kwa kuhesabu moja.

Ubishi wa namna hii ni mzuri, maana hauvunji urafiki wala haumwagi damu. Mimi sitawaamulia. Lakini liko swali moja ambalo sijasikia likiulizwa njia panda: watu hao wenye nguvu, vijana, wanaolipwa fedha nyingi kwa kukimbia, kwa nini hupumzika?

Jibu twaweza kulipata kwa yule yule Márquez. Tarehe 19 Julai 2020, huko Jerez, alianguka akavunjika mfupa wa mkono wa kuume. Waganga wakaufunga kwa bamba la chuma. Siku sita tu baada ya kuanguka alikuwa tena juu ya pikipiki, akitaka kushindana. Mkono ukakataa, akajitoa. Mwanzoni mwa Agosti ikabidi apasuliwe upya, maana lile bamba lilikuwa limeharibika. Akapasuliwa mara ya tatu, kisha mara ya nne mwaka 2022 huko Marekani. Mtu aliyekuwa bingwa mwaka 2019 hakuupata tena ubingwa mpaka tarehe 28 Septemba 2025, huko Motegi, Japani. Alitaka kuokoa majuma machache, akapoteza miaka.

Tazameni sasa alivyojifunza. Juma moja tu baada ya ubingwa huo, huko Indonesia, mwenzake alimgonga akaumia bega. Safari hii alikaa. Mashindano manne ya mwisho wa mwaka yalikwenda bila yeye.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Kusini mwetu, ng'ambo ya Zambia, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, ambayo zamani iliitwa Rhodesia ya Kusini, alikulia kijana Gary Hocking, katika mji wa Bulawayo. Mwaka 1961 alikuwa bingwa wa dunia mara mbili kwa mwaka mmoja, katika pikipiki za ukubwa wa 350 na za 500. Mwezi wa Juni 1962, katika kisiwa cha Man, rafiki yake Tom Phillis wa Australia alikufa mashindanoni. Hocking alishinda mbio za pikipiki za 500 za juma hilo, kisha akaacha mashindano ya pikipiki. Watu walistaajabu: bingwa mwenye miaka 24 aacha! Lakini hakukaa. Aliingia katika mashindano ya magari, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule, akijizoeza karibu na Durban, alipata ajali akafa. Alibadili chombo, hakubadili mwendo.

Neno hilo latuhusu sisi wa Kasulo. Twakumbuka jinsi madini ya kobalti yalivyovumbuliwa chini ya mtaa wetu mwaka 2014, na jinsi watu walivyochimba uani, hata ndani ya nyumba zao, mpaka mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilipozungushiwa ukuta na jamaa wengi wakahamishwa. Yuko kijana ambaye mama yake hakulala kwa sababu ya shimo. Kijana huyo akiweka akiba, akatoka shimoni akashika pikipiki, mama humshukuru Mungu. Lakini kama anaiendesha usiku na mchana, Jumatatu mpaka Jumapili, macho mekundu, akishindana na malori ya madini, basi mama yake angali halali. Naye huyu amebadili chombo, hakubadili mwendo.

Tena tuseme kweli: mashindano ya dunia yana ulinzi ambao barabara yetu haina. Tangu mwaka 2018 kila mshindani wa MotoGP lazima avae nguo ya ngozi yenye mfuko wa hewa unaojaa mara aangukapo. Waganga wapo tayari pembeni. Wote huenda upande mmoja. Hakuna lori linalokuja mbele, hakuna mbuzi, hakuna mtoto anayevuka na ndoo ya maji. Kijana wetu ana shati na ndala, na nyuma yake amekaa mama mwenye mtoto mgongoni. Kofia ngumu, ile tuitayo kaske, mara nyingi imening'inia kwenye usukani kana kwamba usukani ndio wenye kichwa.

Najua mtanijibu: “Kupumzika ni kwa matajiri. Pikipiki si yangu. Kila jioni mwenyewe anangoja fedha yake, nami nala kile kinachobaki.” Jibu hilo ni la haki, wala silidharau. Kwa hiyo neno langu la kwanza si kwa kijana, bali kwa mwenye pikipiki. Bwana, au Mama, ukidai fedha ya siku saba, umenunua pia usingizi wa mwanadamu. Mpe siku moja ya juma isiyodaiwa, na siku hiyo fundi aitazame breki na mnyororo. Mtu aliyelala vizuri huitunza mali yako. Anayesinzia ataivunja, na mguu wake pamoja.

Neno la pili ni kwa vijana. Mna likelemba ya kununulia pikipiki, tena mwaiendesha kwa uaminifu. Anzeni na nyingine ndogo kwa ajili ya mwenzenu aliyeumia, asirudi barabarani kabla mfupa haujaunga kwa sababu watoto hawana unga. Márquez alikuwa na waganga na fedha, hata hivyo kurudi kwa haraka kulimgharimu miaka. Asiye navyo atapona wapi?

Neno la tatu ni kwetu sisi abiria. Ni nani asemaye, “Kimbiza, nimechelewa”? Ni sisi. Kisha ajali ikitokea twalaumu ujana. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mara nyingi aliyezianzisha ni yule aliyekaa nyuma.

Katika miji ya Katanga wengi humwita mwendesha pikipiki manseba, ndiyo kusema mjomba, ndugu wa mama. Jina hilo ni la heshima kubwa. Mjomba ndiye mtu ambaye mama humkabidhi mtoto wake bila hofu. Endeleeni, basi, kubishana habari za Rossi na Márquez mpaka mashindano yaanze tena. Lakini jioni, mtakapomchukua mtoto wa mtu kumpeleka nyumbani, nendeni kama wajomba.