Kunguni na Maji ya Moto

Mwenye kitanda cha kamba, Malindi au Kilifi, hukitoa uani akakianika juani mchana kutwa, na usiku kunguni wakamla vile vile. Si ajabu: jua likipiga upande mmoja, wao huhamia penye kivuli. Dawa ya DDT nayo ilianza kushindwa nao huko Hawaii mwaka 1947. Lakini joto la digrii 50 za sentigredi, likiwafikia hasa na kudumu kitambo, huwaua wao na mayai yao. Basi kamba na ifunguliwe, maji yanayotokota yamiminwe polepole katika matundu ya mifumbati na matendegu, na kamba na shuka zichemshwe siku iyo hiyo. Mwenge wa moto usitumiwe kamwe chini ya paa la makuti.