Gari lisilotembea nalo lina gharama

Mkoani Singida chombo cha moto kinaweza kusimama miezi mingi na pasiwe na mtu wa kushangaa. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na trekta linalolimia alizeti au mtama huko Iramba, Mkalama au Ikungi hufanya kazi yake kubwa kwa wiki chache tu, kisha linaegeshwa kusubiri mwaka mwingine. Mradi ukifika mwisho, gari lenye namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili, husimama kusubiri makabidhiano. Gari la halmashauri husubiri kipuri, au kibali cha kuuzwa. Gari la mtu binafsi hubaki uani mwa wazee wakati mwenyewe yuko kazini Dar es Salaam. Haya yote yanasimama kwa sababu za haki kabisa, na hilo si kosa la mtu. Kosa liko kwenye namna tunavyohesabu matunzo: tunahesabu kilomita peke yake, na gari linaloharibiwa na muda linabaki nje ya hesabu.

Mfumo wetu mzima umejengwa juu ya kilomita. Karatasi ambayo fundi hubandika baada ya kumwaga oili hutaja kilomita za sevisi inayofuata. Daftari la safari la gari la serikali huandikwa gari linapotoka getini, na lisipotoka ukurasa hubaki mweupe. Hata kodi imefuata mkondo huo: tangu Julai 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, na badala yake ikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Uamuzi ule uliwapa nafuu ya haki wenye magari mabovu, ambao walikuwa wakilimbikiziwa madeni kwa gari lisilotoka nyumbani. Lakini tangu hapo hakuna tarehe inayomlazimisha mwenye gari lililosimama kulifikiria walau mara moja kwa mwaka. Halinywi mafuta, halidaiwi kodi, halina karatasi ya kukumbusha sevisi, na mtu huona kwamba halimgharimu kitu.

Betri ndiyo shahidi wa kwanza kwamba linamgharimu. Gari la kisasa likizimwa halilali kabisa. Saa, king'ora na kompyuta yake huendelea kunyonya umeme kidogo. Tuseme ni miliampea 50, kiwango cha kawaida kwa magari mengi. Kwa siku hiyo ni ampea-saa 1.2, na kwa siku 30 ni ampea-saa 36. Betri ya gari dogo lenye ampea-saa 60 itakuwa imepoteza zaidi ya nusu ya chaji yake ndani ya mwezi mmoja bila safari hata moja, mbali na ule umeme ambao betri yenyewe hupoteza kwa joto. Hasara haiishii kwenye kugoma kuwaka, kwani betri ya risasi ikikaa bila chaji, chumvi hujijenga kwenye sahani zake na kugandamana, na baada ya miezi kadhaa hakuna chaja itakayoirudisha. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6, ikifika 12.4 imeshapoteza kama robo ya nguvu zake na inahitaji kuchajiwa. Kipimo cha kuonyesha hivyo kiko kwa karibu kila fundi umeme wa mtaani. Kulegeza nati ya waya hasi na kuuchomoa ili betri isinyonywe ni kazi ya dakika chache isiyohitaji hata shilingi.

Vitu vingine huharibika polepole zaidi, lakini ni ghali zaidi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani gari likitembea au lisitembee, ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe takriban kila miaka miwili. Yakiachwa, kutu huanza ndani ya silinda za breki, mahali ambapo jicho halifiki. Breki ya mkono iliyovutwa miezi mingi huweza kugandamana na ngoma, kwa hiyo ni heri gari liachwe kwenye gia na kuwekewa magogo kwenye magurudumu. Kwenye dizeli, maji yanayojikusanya ndani ya tangi lenye nafasi tupu hushuka chini, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, na yakiingia kwenye pampu na nozeli za trekta mwenye trekta hulipia kosa hilo msimu wa kilimo unapofunguliwa. Tangi lililojazwa kabla ya kuegesha halina nafasi kubwa ya kuyakusanya.

Singida nayo ina ukali wake. Mji uko kwenye kimo cha karibu mita 1,500, jua la kiangazi ni kali, na upepo hupeperusha vumbi kuanzia Mei hadi Oktoba. Jua hilo hukausha mpira wa tairi na kuupasua, na tairi lililobeba uzito mahali pamoja kwa miezi hupata ubapa. Kiangazi hichohicho ndicho kipindi cha mavuno, na palipo na alizeti, karanga na mtama pana panya. Chini ya boneti panya hupata kivuli, usalama na waya laini za kutafuna. Trekta lililoegeshwa ukutani mwa ghala, mahali panapoonekana salama kuliko kwingine, huwa jirani wa karibu kabisa wa panya hao.

Wako watakaojibu kwamba matunzo yapo, maana kila Jumamosi kijana huwasha injini dakika tano na kuzima. Desturi hiyo ina nia njema, lakini mara nyingi inaongeza uharibifu. Kupiga stata hula umeme mwingi, na injini ikiunguruma polepole kwa dakika tano huenda isirudishe hata kile kilichotumika. Kuungua kwa mafuta pia huzalisha maji, na injini isiyopata joto kamili huyaacha ndani ya oili na ndani ya ekzosi. Gari likiwashwa, liendeshwe nusu saa hivi barabarani, breki zikamatwe, tairi zizunguke na injini ifikie joto lake. Hilo likishindikana, ni bora liachwe limezimwa, betri ikiwa imetolewa na kuchajiwa pembeni. Mwaka 2020, janga la korona liliposimamisha safari za anga, mashirika ya ndege duniani hayakuegesha ndege na kuondoka. Mafundi waliziba matundu, walizungusha magurudumu na kukagua betri kwa kalenda, ingawa saa za kuruka zilikuwa sifuri.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Mkurugenzi wa halmashauri atauliza, na ana haki, kwa nini atenge fedha kwa gari lililosimama wakati gari la wagonjwa linalotembea linahitaji tairi. Lakini sehemu kubwa ya matunzo haya haihitaji fungu jipya. Inahitaji mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, kipima-volti, turubai na kalenda. Gari linalosubiri kipuri kimoja kwenye karakana ya TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, au kwenye uwanja wa halmashauri, likiachwa mwaka mzima, litadai betri, tairi, breki na waya juu ya kile kipuri, na hapo ndipo gharama hugeuka kisingizio cha kulitelekeza moja kwa moja. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikirudia hoja ya magari na mitambo ya umma iliyoachwa bila kutengenezwa wala kuuzwa. Atakayesema kwamba taratibu za kuuza mali ya umma ni ndefu anasema kweli, na urefu huo ndio sababu ya kulilinda gari linalosubiri, maana bei yake ya mnada hushuka kila mwezi linaokaa juani. Kama hakuna mpango wa kulirudisha barabarani, maombi ya kuliuza yaanze mapema, likiwa bado na kitu cha kuuzwa.

Kamati za Fedha, Uongozi na Mipango za halmashauri zetu hukaa kila mwezi. Zidai orodha ya kila gari, trekta na mtambo uliosimama zaidi ya siku 30: tarehe uliposimama, sababu, volti za betri zilizopimwa mwezi huo, jina la anayeutunza, na tarehe ya uamuzi wa kuutengeneza au kuuuza. Orodha ya kwanza ianze Mei, mvua zikiisha, ili ifikapo Novemba kamati iwe imeshajua ni matrekta yapi yatawaka na yapi hayatawaka.