Mali bila Daftari

Wako wasemao kwamba kumtaka mchoraji aandikiane na mfanyabiashara wa picha ni kumfundisha ubepari. Mwafrika, wanadai, hufunga biashara kwa neno na kupeana mkono. Maneno haya ni matamu, na wayapendao zaidi ni wanunuzi.

Jibu lao liko Butiama. Mwana wa kijiji hicho cha Mara, Julius Nyerere, ambaye hakuna awezaye kumwita bepari, aliutafsiri mchezo wa Shakespeare uliochapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mchezo mzima umesimama juu ya hati ya deni. Hati ndiyo iliyomfikisha Antonio mbele ya kisu. Na hati hiyohiyo ndiyo iliyomwokoa, kwa kuwa ilitaja nyama wala haikutaja damu. Karatasi, basi, si silaha ya mdai peke yake. Humlinda pia mdaiwa, maadamu imesomwa vyema.

Tazama yaliyomfika Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaanza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na picha zake zikauzwa kwa wageni wa Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kazi, na jina lake likawa jina la mtindo mzima! Lakini hakuacha orodha kamili ya picha zake, bei zake wala wanunuzi wake. Ndiyo maana picha yenye saini yake huzua ubishi: ni ya mkono wake, au ya mwigaji? Thamani imepanda, na ushahidi haupo.

Kinyume chake ni Claude Monet na wenzake wa Ufaransa. Waliandikiana barua na Paul Durand-Ruel, mwuza picha wa Paris: barua za kuomba fedha, za kulalamikia bei, za kuahidi kazi. Nyingi zilichapishwa mwaka 1939. Durand-Ruel hakuwa malaika. Alitafuta faida kama kila mchuuzi. Tofauti ni kwamba aliyedhulumiwa angeweza kuonyesha.

Barabara itokayo Musoma hupita Bunda na kufika lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Mgeni yuko njiani, na fedha yake pia. Mchoraji wa Musoma akimkabidhi dalali picha kumi kwa mdomo, zikirudi saba atamshitaki kwa kauli gani? Na aandike: jina la picha, kipimo, bei, sehemu ya dalali, siku ya malipo, nakala mbili, saini mbili. Aandike pia kwamba kuuza picha si kuuza haki ya kuichapa kwenye kanga na kalenda. Hakimiliki ni mali nyingine, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 haikutungwa ili ilale kabatini.

Atakayeambiwa kwamba kudai risiti ni kumvunjia mwenzake heshima, na ajibu kwamba mwaminifu haogopi wino. Wazee hawakuwa mabepari waliposema: mali bila daftari hupotea bila habari.