Neno la Mhariri: Waliokosa Kaburi Wasikoseshwe Jina

Tarehe 24 Julai 1927, katika mji wa Ypres nchini Ubelgiji, lilifunguliwa lango kubwa la mawe ambalo kuta zake zimechongwa majina zaidi ya 54,000 ya askari wa Dola ya Kiingereza waliopotea katika matope ya nchi ile wakati wa Vita Kuu, wasijulikane walipolala. Mzazi aliyeukosa mwili wa mwanawe aliweza kusimama chini ya ukuta ule, akazipitisha herufi za jina lake kwa kidole, na walau akapata mahali pa kulilia.

Mwaka huo huo, Dar es Salaam, ilisimamishwa sanamu ya askari wa shaba nyeusi aliyeielekeza mbele bunduki yake yenye singe, mahali palipokuwa zamani na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi na za Kiarabu, yanawataja askari na wapagazi, tena yanaahidi kwamba mwenye kufa vitani jina lake litakumbukwa na wanawe. Jina lenyewe, hata la mtu mmoja, halikuandikwa.

Twasema wazi kwamba huo haukuwa upungufu wa nafasi katika jiwe. Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola, iliyoundwa Mei 1917, iliweka kanuni kwamba kila marehemu atakumbukwa kwa jina lake, pasipo kutazama cheo, kabila wala dini. Na kanuni hiyo, tukufu kama ilivyo, ilipofika Afrika Mashariki ikatenguliwa. Gavana Horace Byatt wa Tanganyika alitoa rai kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yamezwe na pori upesi iwezekanavyo, na rai yake haikukosa wasikilizaji. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Na Serikali ya Uingereza ikaomba radhi mbele ya Bunge lake.

Wapagazi hao walikuwa nani? Walikuwa wakulima na vijana waliokusanywa vijijini, wengi kwa nguvu, wakatwishwa unga na risasi katika nchi ambayo mbung'o waliwaua farasi na nyumbu, wakalifuata jeshi kutoka Taveta hadi Rufiji na kuvuka Ruvuma. Wengi wao hawakuuawa na risasi: waliuawa na tumbo la kuhara damu, na homa ya mapafu, na njaa, na unga ulioliwa haujaiva kwa kukosa muda na kuni. Aliyeanguka njiani alifukiwa kando ya njia, na mara nyingine hata hilo halikuwezekana, kwa kuwa msafara haukungoja.

Lakini mtu hapewi ujira bila kuandikwa. Wapagazi wa jeshi la Kiingereza waliandikishwa kwa nambari, na mishahara ya wengi waliokufa ikabaki mikononi mwa Serikali kwa kuwa hakutokea wa kuidai. Dola iliyoweza kumwandika mtu ili imtumikishe haikushindwa kumwandika ili imkumbuke, ilichagua.

Na athari ya uchaguzi huo ilishukia nyumbani. Nani asiyejua, katika watu wa pwani, uzito wa mas'ala ya mume aliyepotea, ambaye mkewe hajui akae eda au aendelee kungoja, na ambaye ndugu zake hawajui wamsomee hitima au wamwombee safari njema? Mirathi haigawanywi, matanga hayaanuliwi. Jina moja lililochongwa na tarehe ya kifo lingeyakata yote hayo.

Kwamba jambo hili lawezekana hata baada ya karne moja, ushahidi upo Cape Town, ambako Januari 2025 ilizinduliwa kumbukumbu ya Waafrika zaidi ya 1,700 waliokufa katika kazi za jeshi bila kuwa na kaburi linalojulikana, na kila mmoja wao amewekewa nguzo yake ya mti wa mvule. Hatuoni kwa nini Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa zitosheke na sanamu zisizo na majina.

Wala hatuwatengi waliobeba mizigo ya von Lettow-Vorbeck, jemadari wa jeshi la Wajerumani, kwani udongo uliowapokea ni ule ule. Basi twamsihi msomaji ambaye katika ukoo wake husimuliwa habari za babu aliyechukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita asirejee, awaulize wazee waliosalia, aandike jina la mtu huyo, la baba yake na la kijiji chake, atuletee. Tutayachapa majina yote.