Maneno yetu yakae katika nyumba yetu

Baada ya swala ya Ijumaa, ndugu mmoja aliyefika Utete kutoka Dar es Salaam alitujia barazani mwa msikiti akiwa na ombi dogo. Marehemu babu yake alikuwa miongoni mwa wazee waliojenga madrasa yetu. Aliambiwa kwamba kabla ya kufariki, mzee huyo alituhadithia habari zote: nani alitoa kiwanja, nani alikata miti, mwalimu wa kwanza alitoka wapi. Alitaka kuyasoma hayo pamoja na wanawe. Tulimjibu kwa haya kubwa kwamba hatunayo.

Tulikuwa nayo. Tuliyaandika kwa jioni tatu, kisha tukayaweka katika ukurasa wa msikiti kwenye mtandao mmoja wa kijamii. Ukurasa ule ulifunguliwa kwa namba ya simu ya kijana mmoja wetu. Laini ikapotea, namba ikapewa mtu mwingine, na siku moja tukakuta mlango umefungwa. Tuliandika mara nne kuomba tufunguliwe, na hakuna aliyejibu. Daftari tulilotumia lilikuwa limekwisha kutupwa, kwa kuwa tulidhani kazi imehifadhiwa. Hatumlaumu kijana, wala hatuna haja ya kuutaja mtandao. Kosa ni letu: tuliweka amana katika nyumba ya mtu tusiyemjua, na hatukubaki hata na nakala.

Kila mpangaji anajua kwamba mwenye nyumba anaweza kubadili kodi, kubadili kufuli, au kuibomoa nyumba. Katika mitandao hii sote ni wapangaji, ingawa hatulipi kodi kwa fedha. Nasi ni umma ulioamrishwa kuandika. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inahusu kuandikwa kwa deni na kushuhudiwa kwake. Ikiwa deni la watu wawili linastahili uangalizi huo, basi kumbukumbu ya mji mzima haistahili kuachwa ovyo.

Watangulizi wetu wa pwani walilifahamu hili. Mwaka 1930, mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili la kuwazindua Waislamu. Mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Hakungoja gazeti la mwingine limpe nafasi pembeni. Alikuwa na lake. Na kwa kuwa maneno yalikuwa mikononi mwake, makala za Sahifa ziliweza kukusanywa katika kitabu cha Uwongozi mwaka 1944, na hadi leo zinasomwa.

Je, familia ya Utete, Ikwiriri au Kibiti inaweza kuwa na sahifa yake leo? Inaweza, na kwa njia nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Njia hiyo ni tovuti tuli.

Tovuti nyingi za siku hizi hutengenezwa papo hapo. Kila unapofungua ukurasa, kompyuta ya mbali huchota maneno ghalani, huyapanga, kisha hukuletea, mfano wa mpishi anayepika kila anapoagizwa. Programu zinazofanya kazi hiyo zinahitaji kuangaliwa daima. Zikisahauliwa huharibika, au wezi huingia. Tovuti tuli ni mkate uliokwisha kuokwa. Ni mafaili ya maandishi yaliyokwisha kupangwa, yanayosubiri msomaji. Ndivyo zilivyokuwa kurasa za mwanzo kabisa za Muingereza Tim Berners-Lee, aliyezitangaza kwa watu mwaka 1991 alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha CERN, karibu na Geneva. Nakala yake, iliyorudishwa mahali pake mwaka 2013, hufunguka katika simu za leo bila taabu.

Faida yake kubwa ni kwamba mafaili hayo unaweza kuyaweka katika kompyuta ya nyumbani na katika flashi kabatini. Anayekuhifadhia tovuti akikufungia, unayachukua yale yale na kuyapeleka kwa mwingine. Nyumba imehama, na hakuna kilichopotea.

Mwaka 2011, mjini Portland, Marekani, watu waliochoshwa na upangaji walikutana na kuanzisha harakati iitwayo IndieWeb. Katika misingi yao tunachukua mitatu. Kwanza, uwe na jina lako mwenyewe la tovuti. Hapa Tanzania lipo jina linaloishia kwa or.tz kwa taasisi na me.tz kwa mtu binafsi, nalo hulipiwa kila mwaka kwa wakala. Pili, andika kwako kwanza, kisha watangazie wengine. Kundi la WhatsApp la ukoo libaki, lakini lipelekewe anwani ya makala, na asili ya makala ikae nyumbani. Tatu, jenga kitakachosomeka baada ya miaka mingi, usikimbilie mapambo.

Msingi huu wa tatu unatufaa zaidi sisi tunaonunua bando kwa kuhesabu. Makala ya maneno elfu moja, ikiwa ni maandishi matupu, haifiki kilobaiti kumi. Picha moja ya simu huweza kuzidi megabaiti mbili, yaani zaidi ya makala mia mbili za namna hiyo. Kwa hiyo tunashauri: herufi kubwa za kusomeka na wazee, rangi mbili zinatosha, picha chache zilizopunguzwa, na kusiwe na kitu kinachojicheza chenyewe. Mama aliye ng'ambo ya mto penye mtandao hafifu aufungue ukurasa sawasawa na mwanawe aliye Kariakoo.

Adabu nazo zina nafasi yake. Kila makala iwe na jina la aliyeiandika, la aliyemsimulia, na tarehe, kama tulivyofunzwa kuheshimu sanadi. Likibainika kosa, lirekebishwe kwa uwazi na tarehe ya marekebisho itajwe. Sadaka za watu zisitangazwe kwa majina bila ridhaa yao. Sura za watoto, namba za simu na siri za nyumba zibaki nyumbani. Uwanja wa kila mtu kutupia maneno hauna lazima. Mwenye nyongeza ataandika barua, nasi tutasalimika na usengenyaji mwingi.

Yako mambo mawili ya tahadhari. Nchi yetu ina kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizotolewa mwaka 2018 na kuandikwa upya mwaka 2020, zinazotaka leseni kwa baadhi ya huduma. Mwenye nia aulize TCRA kabla ya kuanza, ajue yake inahesabiwaje. Na jina la tovuti lisiposajiliwa upya kwa wakati huweza kuchukuliwa na mwingine. Basi lisajiliwe kwa jina la mwenye mali, siyo la fundi. Tarehe ya malipo iandikwe katika daftari la kamati au la baba mwenye nyumba, na neno la siri lijulikane na waaminifu wawili. Tulipoteza ukurasa wetu kwa sababu kila kitu kilikaa katika simu moja.

Kwa ndugu yule wa Dar es Salaam tulifanya tulichoweza. Tuliwakusanya wazee wawili waliobaki, wakakumbuka kiwanja na mwalimu, lakini majina ya waliokata miti hawakuyakumbuka. Yeye ameondoka na kazi ya kuwauliza shangazi zake. Tutakachopata kitaandikwa daftarini kwanza, kisha kiwekwe katika tovuti yetu tuli, na nakala ikae kabatini mwa msikiti.

Kila nyumba inayosoma ukurasa huu ina mzee mmoja ambaye hajaulizwa. Kijana anayejua kompyuta na aketi naye jioni moja, mmoja ahadithie, mwingine aandike.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia na atuwezeshe kuzilinda amana zao. Amin.