Nani Alipiga Solo?

Mwimbaji akimaliza beti, hurudi nyuma hatua mbili. Rithimu inabaki palepale, besi inakaza, na mpiga solo anapandisha vidole hadi juu kabisa kwenye shingo la gita. Hapo ndipo watu huacha chupa zao mezani na kuinuka. Kesho yake waulize wimbo ulikuwa wa nani. Watamtaja mwimbaji.

Toleo hili ni la wapiga solo wa Kampala, na dai letu ni la fedha kabla halijawa la heshima. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamtambua mpigaji pia, si mtunzi peke yake. Lakini asiyeandikwa popote atadai kwa jina gani?

Kwenye kadongo kamu tatizo hili ni dogo, maana mwimbaji huwa na gita lake mkononi. Herman Basudde na Paul Kafeero hawatenganishwi na nyuzi zao. Kwenye bendi ni mambo mengine. Shabiki wa Afrigo, bendi iliyozaliwa 1975 kutoka Cranes, atakutajia Moses Matovu na saksafoni yake bila kufikiri. Mpiga solo? Atakuna kichwa kwanza.

Na wengine walihama. Samba Mapangala aliunda Les Kinois hapahapa Kampala, kisha 1977 akaihamishia Nairobi, kwenye studio na kampuni za santuri. Orchestra Makassy ilikuwa imeshateremka Dar es Salaam. Huko ikampata Mose Fan Fan, mpiga solo aliyetoka OK Jazz ya Franco, ambaye baadaye alihamia London na kufariki Nairobi mwaka 2019. Fan Fan hajasahaulika, lakini tusijidanganye: kilichomwokoa ni kwamba alikuwa mtunzi vilevile. Angepiga gita tu, sina hakika.

Wakongo wana desturi ya kuita jina la mpiga gita katikati ya sebene. Desturi nzuri, ila jina la kuitwa haliingii kwenye fomu ya mirabaha. Kwa hiyo kuanzia sasa kila wimbo tutakaouchambua humu utaandikwa nani alipiga solo, nani rithimu, nani besi. Prodyuza asiyetupa majina hayo, wimbo wake utasubiri.