Fundi wa Sanamu Atazame Wapi?

Liko jambo lifanyikalo katika makanisa yetu ya Ugogo, tena lafanyika kwa nia njema, nami nataka kulipinga. Wakristo wakiisha kuezeka kanisa na kupaka chokaa, humtafuta kijana ajuaye kuchora. Kabla hajashika brashi, mzee wa kanisa humpa karatasi iliyopigwa chapa, au siku hizi humwonyesha picha katika simu, akamwambia, "Chora hii, wala usiongeze kitu." Kijana hunakili. Kazi ikiisha watu huimba na kutoa sadaka, na ukutani yupo Bwana Yesu mwenye nywele za rangi ya asali, amesimama penye majani mabichi pasipo mwiba hata mmoja, wala ng'ombe, wala vumbi. Nasema kazi hiyo haimletei Mungu heshima, na kwa fundi ni dhuluma.

Wanaoitetea desturi hii si wajinga, na yafaa tuwajibu kwa taratibu. Wasema kwanza: "Bwana Yesu alikuwa Myahudi. Mkimchora kana kwamba ni Mgogo, mwasema uongo." Vema. Lakini je, yule wa karatasini ndiye Myahudi? Sanamu iliyoenea kupita zote, ile ya kichwa cha Bwana akitazama upande, ilichorwa mwaka 1940 na Warner Sallman, Mmarekani wa mji wa Chicago. Imepigwa chapa zaidi ya nakala milioni 500. Wako watu vijijini wanaoamini kwamba ndiyo sura yake hasa, kama picha ya cheti. Sallman hakumwona Bwana kwa macho, kama sisi tusivyomwona. Alichora uso ambao watu wa kwao waliweza kuupenda. Kadhalika Pieter Bruegel, fundi wa nchi ya Flanders, mwaka 1563 aliwachora Mamajusi wakifika kumsujudia mtoto katika kijiji chenye baridi kali, na theluji ikianguka. Nani alimwita mwongo? Watu wa kijiji kile walijua maana ya theluji, wakaelewa kwamba Mwokozi aliwajia wao pia. Basi mzee amkataaye Mgogo ukutani asidhani kwamba anamtetea Myahudi. Anaitetea Chicago.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa yatoka katika Amri Kumi. Lugha yetu yenyewe imetutia mashakani hapa, maana neno moja, sanamu, twalitumia kwa kinyago kisujudiwacho na kwa picha iliyo katika kitabu cha watoto. Lakini fungua kitabu kile kile cha Kutoka, sura ya 31, usome habari za Bezaleli wa kabila la Yuda. Mungu alimwita kwa jina, akamjaza roho yake, apate akili na ujuzi wa kila kazi ya ufundi. Hakujazwa ili atoe unabii wala ili aongoze vita. Alijazwa ili afue dhahabu na kuchonga miti.

Na Bezaleli alifanya nini kwa ujuzi huo? Kinara cha taa alikipamba kwa vikombe vya mfano wa maua ya mlozi, na pindo la joho la Haruni lilitiwa makomamanga ya nyuzi za rangi. Watu wale walikuwa wametoka Misri, nchi iliyojaa kazi za mafundi stadi, na mafundi wa Misri wangeweza kuwakopesha mifano ya kutosha. Lakini mahali patakatifu waliwekewa ua na tunda ambalo mtoto yeyote angelitambua.

Sasa nauliza, mlozi wetu ni upi? Katika nchi hii mvua ni kadiri ya milimita 570 kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine mbuyu husimama uchi, mkubwa kuliko nyumba, mtu mgeni akadhani umekufa. Kisha mvua ikikaribia, huchipua. Ningependa kujua kama yuko mhubiri aliyepata kuuonyesha ufufuo waziwazi kuliko mti huo. Hata hivyo sijauona ukutani mwa kanisa lolote nililoingia. Nimeona misonobari.

Tena tazameni mambo mengine ambayo fundi wa Ugogo anayo tayari, bila kukopa. Zaburi ya mchungaji ni tamu kwa kila mtu, lakini mtu aliyezaliwa penye majani ya kijani mwaka mzima hawezi kuisikia kama aliyeswaga ng'ombe mwezi wa Oktoba, akitafuta malisho tangu alfajiri. Mwanamke Msamaria twaweza kumchora penye shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto mkavu, kibuyu mkononi, akingoja maji yajikusanye. Hori ya Bethlehemu haina haja ya kuelezwa kwa mtu aliyelala katika tembe, ambamo ndama na watoto wamesikia pumzi za wao kwa wao usiku kucha chini ya dari moja ya udongo. Na Yusufu, afunguaye ghala za Misri! Babu zetu walipita katika njaa ya Mtunya, wakati wa Vita Kuu ya kwanza na baada yake, watu wakafa njiani, na wengine wakaenda nchi za mbali kutafuta chakula. Fundi ambaye bibi yake alimsimulia habari za vilindo vitupu anajua jinsi mkono wa mwenye njaa unavyonyoshwa. Mpe karatasi ya Ulaya anakili, na ujuzi huo wote umeufungia nje ya mlango.

Hapo huja hoja ya tatu: "Mambo ya kwetu ni ya ushenzi. Ukianza na mbuyu, utaishia Kolo." Kwa kuwa wametaja Kolo, na tuseme habari zake. Huko Kondoa, katika miamba ya Kolo na jirani zake, yako mapango na vivuli vya mawe zaidi ya 150 vyenye michoro. Bibi Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili kwa uangalifu, na mwaka 2006 mahali hapo paliandikwa na UNESCO katika urithi wa ulimwengu. Wamo twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Rangi nyekundu ni ya udongo wenye chuma, ngeu ile ile ambayo wazee wetu walijipaka pamoja na mafuta. Najua kwamba pako mahali pale ambapo watu bado hufanya matambiko, na Mkristo ana haki ya kutoshiriki. Lakini aliyemchora pofu yule alikuwa amemfuata pofu porini. Shingo yake nzito na mwendo wake vimo mwambani hata leo. Kuna dhambi gani katika kutazama vizuri kiumbe cha Mungu?

Wala nisemayo si ndoto. Bwana Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, alisoma Makerere katika shule ya uchoraji iliyoanzishwa na Bibi Margaret Trowell mwaka 1937. Mwaka 1959 alichora sanamu kubwa za maisha ya Bwana katika kanisa la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa zamani za Mau Mau. Yesu wa Murang'a ni Mwafrika, na vilima vilivyo nyuma yake ni vya Ukikuyu. Watu walioingia kanisani humo walikuwa wamezika jamaa zao katika vilima hivyo hivyo. Msalaba wa karatasini ungewaambia nini? Baadaye, mwaka 1965, Bwana Njau alisaidia kuanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa huko Nairobi, akafundisha kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Neno kali, lakini nalikubali.

Nao mafundi wenyewe wasidhani nimewasahau. Wako vijana wa Dodoma wauzao picha za tembo chini ya Kilimanjaro, na hawajamwona tembo wala Kilimanjaro. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli huko Dar es Salaam mwaka 1968, mtindo ule ulikuwa wake. Alikufa mwaka 1972, na tangu hapo wengi wamekula kwa mkono wake. Siwalaumu kwa kutafuta chakula. Ila wakumbuke Bwana Sam Ntiro wa Machame: mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku (wasomaji wasioonja wanisamehe), jambo la kijijini kwao kabisa, na picha hiyo imo katika jumba la sanaa la New York.

Limebaki shauri la fedha, ambalo wazee hulileta mwisho kila mara. Wasema fundi anakilipo humaliza kwa siku tatu, bali akiachwa atunge atakaa mwezi mzima. Ni kweli, na alipwe mwezi mzima. Kanisa lililokusanya fedha za mabati miaka mitano haliwezi kushindwa na posho ya siku ishirini na saba. Rangi nazo si lazima zote zitoke dukani. Ngeu iko, na chokaa iko. Baraza la kanisa likutane na fundi, limsomee sura ya Biblia inayotakiwa, limwulize maswali, kisha limwache aende akatembee kijijini na daftari lake. Akirudi na mchoro wa kwanza, wautazame pamoja naye, na kama Petro amevaa kama mvuvi wa bwawa la Mtera, wasimkataze.